MAMA MJAMZITO NA MARADHI YA NJIA YA MKOJO



Mama anayechuma chai hutoka nyumbani alfajiri. Choo kiko mbali na mstari wake, na kila akienda kilo zake hupungua kwenye mizani. Kwa hiyo hujizuia, na ili asibanwe na haja hanywi maji. Kiwandani ni vile vile, maana mashine haimngoji mtu. Kwa mama mwenye mimba jambo hili ni la hatari, na sisi wanaume pia yatupasa kuelewa sababu yake.

Vijidudu vya maradhi haya kwa kawaida hutoka katika utumbo wa mtu mwenyewe, vikapanda kwa njia ya mkojo hadi kwenye kibofu. Njia ya mwanamke ni fupi, ndiyo maana yeye huugua zaidi kuliko mwanamume. Basi asichekwe wala asidhaniwe mwasherati. Wakati wa mimba mirija itokayo kwenye figo hulegea, na mfuko wa uzazi huibana. Mkojo hukawia ndani, na vijidudu hupata nafasi ya kuzaana na kupanda mpaka kwenye figo.

Dalili za kwanza ni kukojoa mara kwa mara kidogo kidogo, kuchomwa wakati wa kukojoa, na maumivu chini ya kitovu. Figo zikishikwa huja homa kali, kutetemeka, kutapika na maumivu ya ubavu. Hapo wengi husema, "Ni malaria," wakameza dawa na kurudi kazini. Kumbe mama yumo hatarini, na mtoto aweza kuzaliwa kabla ya miezi yake kutimia.

Tena, kati ya wajawazito 100, wapatao 2 hadi 10 wana vijidudu katika mkojo bila kusikia maumivu yoyote. Kwa hiyo mkojo upimwe kliniki hata kama mama ni mzima. Wakionekana, Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2016 atibiwe kwa dawa ya kuua vijidudu kwa siku 7. Amalize dawa zote hata akipata nafuu. Asinunue dawa dukani kwa kubahatisha, kwani tetrasaikilini huharibu meno ya mtoto aliye tumboni.

Mama na anywe maji ya kutosha, asijizuie mkojo, na ajipanguse kutoka mbele kwenda nyuma. Lakini atafanyaje hayo bila choo wala maji? Mkataba namba 184 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2001, unataka mahitaji ya wanawake wajawazito mashambani yaangaliwe. Wajumbe wa matawi, lipelekeni jambo hili mezani kwa mwajiri: choo karibu na kazi, maji safi ya kunywa, na ruhusa ya kwenda kliniki bila kukatwa mshahara.

Nawe mnyapara, mama akiomba ruhusa ya kwenda haja, mpe.