Msuko, Muundo na Kukua kwa Mhusika

Miongoni mwa maswali yaletwayo mara kwa mara mbele ya watayarishaji wa istilahi, yako yatokayo kwa watafsiri wa vitabu vya kufundishia uandishi wa riwaya. Mswada mmoja wa namna hiyo tuliousoma ulikuwa na sura nzima yenye kichwa "Maendeleo ya Wahusika". Msomaji asiyejua asili yake angedhani kwamba wahusika hao wamechimbiwa kisima na kujengewa zahanati. Kosa hilo si la uvivu. Neno la Kiingereza alilokuwa nalo mtafsiri hubeba mambo mawili, ambayo katika Kiswahili kila moja lina jina lake.

La kwanza ni kazi ya mwandishi: kumchora mtu kwa maneno, vitendo na fikra zake hata msomaji amwone. Kazi hii yafaa iitwe usawiri wa wahusika. La pili ni badiliko limpatalo mhusika mwenyewe ndani ya kisa, nalo ni kukua kwa mhusika. Mwandishi husawiri, mhusika hukua, au hakui. Katika Kusadikika ya Shaaban Robert, kitabu kilichotolewa mwaka 1951, waziri Majivuno amesawiriwa kwa jina lake tu, na hadithi haimtaki akue. Mhusika wa aina hiyo walimu humwita bapa, neno tulilozoea kulisikia katika bapa la kisu au la upanga; kinyume chake ni duara. E. M. Forster wa Uingereza ndiye aliyeeneza mgawanyo huo mwaka 1927. Waswahili wameongeza shinda, yaani chombo kisichojaa, kwa mhusika aliye kati ya hao wawili, na kwa maoni yangu hilo ndilo neno zuri kuliko yote matatu. Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba bapa ni lawama. Hadithi ya mafumbo haiendi bila watu wa aina hiyo.

Tatizo kubwa zaidi liko katika msuko na muundo. Katika madarasa mengi muundo huelezwa kuwa ni mpangilio na mtiririko wa visa na matukio. Maelezo hayo yamezimeza istilahi mbili kwa pamoja, na anayeumia ni mtahiniwa: huulizwa muundo, akaeleza kwa nini tukio hili lilizaa lile, msahihishaji akamnyima alama, ilhali kitabu chake hakikumpa njia ya kutenganisha.

Msuko ni uhusiano wa sababu. Tukisema, "Mzee aliuza shamba. Mwanawe alihamia mjini," tumetaja matukio mawili kwa zamu. Tukisema, "Mwana alihamia mjini kwa kuwa baba yake aliuza shamba," tumeanza kusuka. Katika Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971, ukali wa Zakaria ndio unaomlea Rosa asijue kuishi na wanaume, na kutojua huko ndiko kunakomponza atokapo mikononi mwa baba. Ondoa ukali huo, na yafuatayo yote yanalegea kama ukili uliokatwa.

Muundo ni jinsi kitabu kilivyoundwa ili kuyabeba matukio. Turudi Kusadikika. Umbo lake ni baraza moja la hukumu, na ndani yake Karama, mshtakiwa, anasimulia safari za wajumbe sita waliotangulia. Mwandishi angeweza kuzipanga safari hizo kwa tarehe, bila baraza. Mambo yaliyowapata wajumbe yasingebadilika, lakini muundo ungekuwa mwingine. Mwenye kuunda jahazi hulaza mkuku na kusimamisha mataruma kabla ya kupigilia mbao. Shehena ni habari nyingine.

Wako wapendao ploti badala ya msuko, na neno hilo limo katika vitabu vingi vya uhakiki. Sisi hatulikatai, ila ni neno pweke, halina jamaa. Msuko unatoka katika suka, na suka imekuja na ndugu zake: mgogoro ukikaza tunalo fundo, mambo yakifunguka mwishoni tunalo tendo la kufumua, ambalo kila msusi analijua. Mtafsiri aliyeshika ploti italazimu akope tena afikapo huko.

Neno mhusika nalo lina kasoro yake ndogo. Watumishi wa ofisini wamezoea kuliandika katika barua kwa maana ya mtu yeyote ambaye jambo linamgusa. Hata hivyo lina faida ambayo mtu au mwigizaji halina: humchukua sungura na fisi wa ngano bila kumlazimisha mwandishi awaite watu.

Kwa walimu, pendekezo letu ni kwamba swali la mtihani litaje neno moja tu. Likitaka sababu za matukio, liseme msuko. Likitaka umbo la kitabu, sura zake, baraza lake au masimulizi yanayorudi nyuma, liseme muundo. Palipo na mtaala unaotumia muundo kwa yote mawili, msahihishaji akubali majibu ya pande zote hadi vitabu vitakaporekebishwa.