Mshahara Usioingia Mfukoni

Kijana wa Mpumudde, Jinja, mwenye kipaji cha mpira huanza kulipwa kabla hajamaliza sekondari. Hapewi shilingi mkononi. Hupunguziwa karo au kufutiwa kabisa, akapata kitanda bwenini, ugali na maharage, na pengine viatu vya kuchezea. Shule za Uganda zimegombania wachezaji kwa basari miaka mingi, na mzazi wa Jinja mwenye mtoto kipa hodari anaijua bei ya mwanawe kuliko mchumi yeyote. Kwa hiyo mjadala wa kama mwanamichezo wa chuo alipwe au asilipwe umeshapitwa na mambo. Analipwa. Kinachofaa kujadiliwa ni analipwa kitu gani, na nani anayeweza kumnyang'anya.

Chuo kikuu kinaendeleza utaratibu uleule. Kila mwaka serikali ya Uganda hudhamini wanafunzi wapya wapatao 4,000 katika vyuo vya umma, na 40 kati yao huingia kwa sababu ya michezo. Arobaini, kwa nchi nzima na michezo yote! Vyuo vya binafsi vina basari zao, kubwa na ndogo.

Marekani nako basari ndiyo iliyokuwa malipo pekee kwa miongo mingi. Mtanzania Suleiman Nyambui alikishindia chuo cha Texas kilichoko El Paso mbio za mita 10,000 za vyuo mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982. Alichopata kihalali ni masomo, chakula na malazi. Mfumo huo ulianza kuonekana wa aibu televisheni zilipomwaga fedha: mwaka 2016 mkataba wa kuonyesha mashindano ya mpira wa kikapu ya vyuo uliongezwa hadi 2032 kwa dola bilioni 8.8. Makocha walilipwa mamilioni, huku mchezaji akiadhibiwa kwa kuuza fulana yake mwenyewe. Juni 2021 majaji wote tisa wa Mahakama ya Juu ya Marekani waliwapa wachezaji ushindi, na mwezi uliofuata wakaruhusiwa kuuza jina na sura zao kwa matangazo. Juni 2025 mahakama iliidhinisha suluhu inayokiruhusu kila chuo kikubwa kuwagawia wanamichezo wake hadi takriban dola milioni 20.5 katika mwaka wa kwanza.

Mwafrika Mashariki asishangilie mapema. Wengi wa vijana wetu huko wana viza ya mwanafunzi, ambayo inabana sana kazi nje ya chuo. Oscar Tshiebwe, mzaliwa wa Lubumbashi, alichaguliwa mchezaji bora wa kikapu wa vyuo mwaka 2022 akiwa Kentucky. Wenzake Wamarekani walikuwa wanavuna fedha za matangazo nyumbani. Yeye alilazimika kungoja ziara ya timu visiwani Bahamas, Agosti mwaka huo, ili afanye kazi za wadhamini nje ya ardhi ya Marekani. Nyota wa taifa zima anavuka bahari ili apigwe picha ya tangazo!

Tukirudi kwetu, hatuna bilioni za televisheni za kugawana. Mwaka 2018 timu ya Uganda ilitwaa ubingwa wa dunia wa netiboli wa vyuo vikuu jijini Kampala, na hapakuwa na hazina nono iliyofichwa nyuma ya ushindi huo. Anayedai wachezaji wa Mbale walipwe kama wa Kentucky anadai sehemu ya keki isiyookwa.

Lakini ufukara huo usitumike kufunika udhaifu wa malipo ya karo. Karo haitumwi kwa mama kijijini. Tena hutegemea goti: basari ikiwa ni ahadi ya mdomo, jeraha moja laweza kuifuta, na kijana akabaki na nusu ya shahada. Mimi ningeanzia hapo kabla ya kutaja posho: mkataba wa maandishi unaosema karo italipwa mpaka mwisho wa masomo hata mchezaji akiumia, matibabu ni juu ya chuo, na mtihani uliogongana na safari ya timu utarudiwa bila faini. Hayo hayahitaji mdhamini wa soda.

Vyuo vikichelewa, vina mpinzani mwenye mshahara: vyombo vya usalama. Stephen Kiprotich, bingwa wa marathoni ya Olimpiki London 2012, alikuwa mtumishi wa Magereza. Joshua Cheptegei, bingwa wa Olimpiki wa mita 5,000 na 10,000, ni wa Polisi. Jeshi nalo lina timu zake. Mkimbiaji wa Kapchorwa akishuka Mbale na vyeti vyake mkononi, chuo humwahidi miaka mitatu ya masomo, na sare humwahidi fedha kila mwisho wa mwezi pamoja na ajira itakayobaki miguu ikichoka. Nyumbani ameacha wadogo zake wanaodaiwa karo pia.