Mwezeshaji wa Haki Rejeshi na Mabaraza ya Kigoma Ujiji

Mahakama inapopokea shauri la jinai hutafuta sheria iliyovunjwa, mtu aliyeivunja na adhabu inayomstahili. Haki rejeshi, yaani utaratibu wa haki unaotanguliza kurekebisha madhara, huanzia upande wa aliyeumizwa, kwa kuuliza ni nani huyo, anahitaji nini ili hali yake itengemae, na ni nani mwenye wajibu wa kulitimiza hitaji hilo. Maswali hayo yalienezwa na Mmarekani Howard Zehr, ambaye kitabu chake mashuhuri juu ya suala hili kilitoka mwaka 1990. Mtu anayeongoza kikao ambamo maswali hayo hujibiwa huitwa mwezeshaji, naye si hakimu, kwa kuwa hatoi hukumu, wala si mshenga wa kubeba maneno ya upande mmoja kuyapeleka upande wa pili. Kazi yake ni kuonana na kila mhusika peke yake kabla ya kuwakutanisha, kulinda kikao ili mwenye sauti kubwa asimnyamazishe mnyonge, na kuhakikisha kuwa kilichokubaliwa kimeandikwa na kitafuatiliwa.

Vitabu vingi vya taaluma hii huanza historia yake nchini Kanada mwaka 1974, katika jimbo la Ontario, ambako vijana wawili walioharibu mali za watu 22 walipelekwa nyumba kwa nyumba ili wawakabili waliowakosea na kukubaliana nao juu ya fidia. Kwa mkazi wa Rusimbi au kata nyingine yoyote ya Manispaa ya Kigoma Ujiji, habari hiyo haiwezi kuonekana ngeni sana, kwa sababu kuwakalisha wagomvi barazani mbele ya wazee, mkosaji akakiri, akaomba radhi na kulipa, ni jambo lililokuwapo muda mrefu kabla ya kupewa jina la kitaaluma. Ng'ambo ya mpaka, Warundi walikuwa na bashingantahe, wazee waliotawazwa kwa sababu ya uadilifu wao ili wasuluhishe majirani, na Mkataba wa Arusha wa mwaka 2000, uliosimamiwa na Mwalimu Nyerere na baada ya kifo chake na Nelson Mandela, uliitambua nafasi yao katika kuipatanisha nchi hiyo.

Tanzania nayo iliuingiza utaratibu huo wa kusuluhisha barazani katika sheria zake. Sheria ya Mabaraza ya Kata ya mwaka 1985 inalitaka baraza lishughulikie kwanza amani ya eneo lake kwa kusuluhisha, na Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi ya mwaka 2002 iliweka wajumbe wasiopungua wanne na wasiozidi wanane, watatu kati yao wakiwa wanawake, na kuwazuia mawakili kusimama humo kwa kazi yao ya uwakili. Kwa miaka mingi mabaraza hayo yaliweza pia kuamua nani mwenye haki katika mgogoro wa ardhi, mpaka marekebisho ya mwaka 2021 yalipoyaondolea mamlaka ya kuamua na kuyaachia usuluhishi peke yake. Mabadiliko hayo yana uzito kuliko yanavyochukuliwa, kwa kuwa mjumbe aliyezoea kusikiliza pande mbili na kutamka mshindi sasa anatakiwa kufanya kazi ya mwezeshaji, ambayo ni ngumu zaidi, na anaifanya bila hata ile nguvu ya kutisha kwamba wasipopatana atawaamulia.

Ugumu huo unaonekana wazi zaidi Kigoma, ambako wanaoketi barazani mara nyingi hawatoki katika historia moja. Ujiji ilikuwa katika karne ya 19 kituo kikuu cha njia ya misafara iliyotoka pwani ya Bagamoyo kupitia Tabora, na kupitia mji huo watu waliotekwa mashariki mwa Kongo walivushwa ziwa kwa mitumbwi na majahazi, wengine wakisukumwa mpaka pwani na wengine wakibaki hapo hapo kama watumwa wa nyumbani na mashambani. Wamanyema wa Ujiji wana asili katika kipindi hicho, wakiwamo waliotekwa, wapagazi, askari wa misafara na wafanyabiashara, na kizazi baada ya kizazi wamekuwa Waswahili wa mji pamoja na Waha, Wabembe, Warundi na wenye asili ya Uarabuni. Wajerumani hawakuufuta utumwa kwa mara moja, bali waliamuru kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 wawe huru, na ni Waingereza walioufuta kisheria mwaka 1922. Kwa hiyo wapo watu wazima leo ambao bibi au babu zao walizaliwa kabla ya hapo. Makumbusho ya Ujiji yanabeba jina la Livingstone, ambaye Stanley alimkuta mjini humo mwaka 1871, wakati waliopita na minyororo hawana jina hata moja linalojulikana sana. Neno la asili likirushwa katikati ya ugomvi wa kiwanja au wa posa, mwezeshaji asiyeijua historia hiyo atalichukua kuwa tusi la kawaida na kuendelea na kipengele kinachofuata, na hapo atakuwa amelipoteza shauri.

Tabaka la pili la historia ni la wakimbizi. Kambi ya Nyarugusu, iliyoko Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita, na Mei 2015 maelfu ya Warundi walijazana katika kijiji cha Kagunga, kando ya ziwa, ambako kipindupindu kiliwakuta kabla hawajasafirishwa kwa meli ya Liemba mpaka Kigoma. Watu hao walikuja na kiwewe, yaani jeraha la nafsi linalobaki baada ya mtu kuona au kutendewa ukatili, na baadhi yao walikuja na hofu dhidi ya jirani wa kabila jingine. Kwa upande wa wenyeji, kuwa na jina au lafudhi inayofanana na ya ng'ambo kumewafanya wazaliwa wa Kigoma watiliwe shaka ya uraia, malalamiko ambayo wabunge wa mkoa huo wameyafikisha bungeni. Kwa hiyo usawa wa makabila si suala la vitabu tu katika ufukwe huu, kwani mtu anayeogopa kuulizwa ni raia wa wapi hawezi kudai haki yake ya shamba kwa sauti ileile anayoitumia jirani yake.

Namna moja ya kuliponya jeraha hilo la nafsi ilianzishwa na Wakweka, dhehebu dogo la Kikristo linalojulikana kwa kukataa vita, nchini Rwanda na Burundi mwaka 2003. Katika mafunzo yao ya siku tatu, watu wapatao ishirini, nusu Wahutu na nusu Watutsi, huketi pamoja chini ya wawezeshaji wawili au watatu kutoka jamii zilezile. Hujifunza kwanza dalili za kiwewe, kama kukosa usingizi na hasira ya ghafla, kisha huzungumzia waliofiwa nao, na hatimaye huchora mti wa kutoaminiana na mti wa kuaminiana, mizizi ikiwa visababishi na matunda yakiwa matokeo. Jambo la kuzingatia ni mpangilio: hakuna anayedaiwa kusamehe siku ya kwanza, na wala msamaha si sharti la kuketi pale. Mwezeshaji anayeharakisha watu washikane mikono ili apate picha ya ripoti ameifanyia kazi taasisi yake, hajawafanyia waliokosewa.

Gacaca za Rwanda, mahakama za wananchi zilizosikiliza karibu mashauri milioni mbili ya mauaji ya kimbari mpaka zilipofungwa Juni 2012, zilionyesha pande zote mbili za jambo hili. Familia nyingi zilijua kwa mara ya kwanza wapi mabaki ya ndugu zao yalizikwa, ujuzi ambao hukumu ya kawaida isingewapa. Lakini mashahidi wengine walitishwa, na wanawake waliobakwa walilazimika kuchagua kati ya kunyamaza na kujianika. Funzo hilo linafaa kuzingatiwa Kigoma, kwa sababu neno suluhu lina sifa nzuri kupita kiasi. Ubakaji unaomalizwa nyumbani kwa ng'ombe au fedha kati ya wazazi wa pande mbili haurejeshi kitu kwa aliyebakwa, na ni kosa la jinai ambalo familia haina mamlaka ya kulisamehe kwa niaba yake. Vivyo hivyo, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inawataka wanandoa wengi wapitie baraza la usuluhishi kabla ya kuomba talaka, lakini haisemi kwamba mke anayepigwa abembelezwe mpaka arudi.

Kwa sababu hiyo manispaa inayowaachia wajumbe wa kata kazi ya kusuluhisha ina deni la kuwafundisha kazi yenyewe: kumsikiliza kila mmoja faragha kabla ya kikao, kutambua kiwewe, kumpa nafasi ya kueleza kwa Kiha au Kirundi asiyekijua vyema Kiswahili, na kukubali kwamba shauri jingine halisuluhishiki. Sheria yenyewe imekwisha kulikubali jambo hilo la mwisho. Mwenye mgogoro wa ardhi ambaye baraza la kata limeshindwa kumpatanisha na mwenzake hupewa hati ya kuthibitisha hivyo, na siku 30 zikipita tangu alipofungua shauri bila suluhu, anaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya hata bila hati hiyo.