Faili Lililo Tayari na Njia Yake Hadi Kwenye Printa

Faili lililo tayari kuchapwa ni lile ambalo kila kitu ndani yake kimekwisha amuliwa: ukubwa wa karatasi, mahali pa kila mstari, fonti, picha na rangi. Kulipeleka moja kwa moja kwenye printa ni kulituma kama lilivyo, bila kulifungua upya katika programu iliyoliandika wala kuiachia draiva ya kompyuta ilibadilishe. Uchapaji wa kawaida hauendi hivyo. Hati ya Word ikiamriwa kuchapwa, programu hupanga kila ukurasa upya kwa fonti zilizomo kwenye kompyuta ile, draiva hugeuza mpangilio huo kuwa maagizo ya printa, kisha maagizo hukaa kwenye foleni yakisubiri zamu. Makosa mengi huzaliwa katika hatua mbili za mwanzo, hasa hati inapofunguliwa kwenye kompyuta nyingine.

Kilindoni, makao makuu ya Wilaya ya Mafia katika kisiwa cha Mafia, Tanzania, ni mahali ambapo jambo hili lina uzito wake. Mwalimu huandaa mtihani kwenye kompyuta yake, akauweka kwenye fleshi na kuupeleka steshenari. Kama Word ya hapo ni toleo jingine na fonti aliyotumia haipo, jedwali huvunjika na swali la mwisho huhamia ukurasa mpya. Kwa nakala moja, hasara ni karatasi moja. Kwa darasa la wanafunzi 80 ni karatasi 80 za ziada, na rimu na tona zinazouzwa kisiwani zimevuka bahari kabla ya kufika dukani. Mwalimu huyo angehifadhi mtihani wake kama PDF yenye fonti ndani, ukurasa ungetoka steshenari kama ulivyoonekana nyumbani.

Faida hiyo huonekana zaidi kwenye maandishi ya Kiarabu, ambayo kisiwani humo ni ya lazima kwa masomo ya madrasa. Herufi ya Kiarabu hubadilika umbo kulingana na mahali pake katika neno: mwanzo, katikati, mwisho au ikiwa peke yake. Uamuzi wa umbo gani litumike hufanywa na programu inayoandika. Hati ikihamia kwenye kompyuta isiyo na fonti inayofaa, herufi zaweza kutoka zimeachana, au vikatokea visanduku vitupu mahali pa maneno. Katika PDF iliyobeba fonti zake, maumbo yamekwisha chaguliwa na yamo ndani ya faili.

Lakini kulituma faili bila kuguswa kunadai kwamba printa ielewe lugha yake, na hapa ndipo wengi hukwama. Lugha kuu ni tatu. PostScript ilitolewa mwaka 1984 na Adobe, kampuni iliyoanzishwa na John Warnock na Charles Geschke mwaka 1982, na ikapata umaarufu mwaka 1985 kupitia printa ya LaserWriter ya Apple. PCL ni ya Hewlett-Packard, na ndiyo iliyoendesha LaserJet ya kwanza mwaka 1984. PDF ilifuata mwaka 1993, nayo ikawa kiwango cha kimataifa, ISO 32000, mwaka 2008. PostScript ni lugha kamili ya programu: printa huitekeleza hatua kwa hatua mpaka ukurasa utokee. PDF ni maelezo ya kurasa zilizokwisha pangwa, na ukurasa wa kumi waweza kuchapwa bila kupitia tisa zilizotangulia. Zamani printa zinazoisoma PDF zilikuwa chache. Leo fotokopi nyingi za ofisini huisoma, na nyingine huichapa hata kutoka kwenye fleshi iliyochomekwa ubavuni mwake.

Printa ndogo za bei nafuu zina hali tofauti. HP LaserJet 1020, kwa mfano, haijui PostScript wala PCL. Kompyuta ndiyo hufanya kazi yote ya kuchora ukurasa, printa ikapokea nukta tu. Hata programu yake ya ndani huipata upya kutoka kwenye kompyuta kila inapowashwa. Kwa printa ya namna hiyo hakuna njia ya mkato: PDF ifunguliwe kwenye kompyuta na ichapwe kwa draiva. Hilo halina ubaya, maana fonti na mpangilio bado vimelindwa na PDF yenyewe.

Lugha ya faili hujulikana kwa kutazama herufi zake za kwanza. Likifunguliwa kwa Notepad, la PDF huanza na %PDF- na la PostScript huanza na %!PS. Faili la PostScript likitumwa kwa printa isiyoijua, mara nyingi printa hudhani ni maandishi ya kawaida: ukurasa wa kwanza hutoka na mstari kama %!PS-Adobe-3.0 juu kabisa, chini yake maagizo yasiyosomeka, na kurasa huendelea kumwagika mpaka karatasi ziishe. Dawa ni kufuta kazi kwenye foleni ya kompyuta kwanza, ndipo printa izimwe. Ikizimwa peke yake, foleni huituma kazi ileile tena inapowashwa.

Kwenye Windows, printa ikishashirikishwa kwa jina kama printa1, amri copy /b mtihani.ps \\localhost\printa1 hutosha kulituma faili kama lilivyo. Alama ya /b huagiza faili linakiliwe lote, baiti kwa baiti. Kwenye Linux amri ni lp -d printa1 -o raw mtihani.ps, na inayoipokea ni CUPS, mfumo wa foleni uliotolewa mwaka 1999. Printa ya mtandao hupokea data kwa milango inayojulikana: 9100 kwa data ghafi, 515 kwa itifaki ya zamani ya LPD, na 631 kwa itifaki ya IPP. Hakuna hata mmoja kati ya milango hiyo unaohitaji intaneti. Ruta na waya ndani ya ofisi vinatosha, kwa hiyo bando likiisha au mtandao wa simu ukipotea, kazi huendelea.

Kasoro ya mlango wa 9100 ni kwamba kompyuta hujua tu kuwa data imepokelewa. Karatasi ikikwama, huenda isipate habari. IPP hurudisha taarifa za kazi na za printa yenyewe, kwa hiyo inafaa zaidi panapochapwa nakala nyingi.

Draiva ikiwekwa kando, marekebisho yake nayo hayapo. Mfano wa kawaida ni ukubwa wa karatasi. Programu zenye mipangilio ya Kimarekani huandaa ukurasa wa Letter, milimita 216 kwa 279, ilhali karatasi za Tanzania ni A4, milimita 210 kwa 297. Draiva ingeweza kuupunguza ukurasa uingie kwenye A4. Faili lililotumwa bila kupitia draiva hudai karatasi yake, na printa husimama taa ikiwaka, ikisubiri Letter ambayo haipatikani dukani. Nakala mbili-mbili, kuchapa pande zote na trei ya kutumia navyo lazima viwe vimeandikwa ndani ya faili au viwekwe kwenye printa yenyewe.

Jambo la mwisho linahusu siri. Kwa kawaida mlango wa 9100 hauulizi neno la siri wala haufichi data njiani; yeyote aliyeungwa kwenye mtandao wa ofisi anaweza kuchapa. Mtihani ambao haujafanywa upitie waya wa USB, au IPP iliyowekewa usimbaji. Fotokopi kubwa zenye diski ngumu zaweza kubaki na nakala ya kazi hata karatasi zikishatoka, na mashine nyingi za aina hiyo zina mpangilio wa kufuta kila kazi mara baada ya kuchapwa, unaowashwa kwenye menyu ya usalama.