Mma Ramotswe: Mbona Mpelelezi Mmoja wa Kike Anagawanya Wasomaji Hivi?

Pea marafiki wawili kitabu cha The No. 1 Ladies' Detective Agency, uwaachie wikendi. Jumatatu mmoja atakwambia hajawahi soma kitu tamu hivyo. Mwingine atakurudishia kabla hata afike katikati, akiuliza, "Sasa maiti iko wapi?" Na wote wawili wako na point.

Kwa wale hawajakisoma, rada ni hii. Kitabu kilitoka 1998, kimeandikwa na Alexander McCall Smith. Precious Ramotswe ni mwanamke wa Botswana, mzaliwa wa kijiji cha Mochudi. Budake alichimba migodi Afrika Kusini miaka mingi, doh yake yote akaiweka kwa ng'ombe. Mzee alipoaga, Precious aliuza ng'ombe na akafungua ofisi ya upelelezi Gaborone, chini ya mlima Kgale. Mtaji wake? Kagari kadogo keupe, taipureta, birika ya chai, na sekretari anaitwa Mma Makutsi, aliyemaliza chuo na alama 97 kwa mia.

Hakuna bunduki. Kesi ni za mtaa. Kuna dem ambaye mzee fulani alitokea kwake akidai ni babake, akahamia hapo kula bure. Mma Ramotswe anavaa kama nesi, anamwambia mzee kwamba "binti" amepata ajali na anahitaji damu yake, nyingi hadi huenda yeye mwenyewe akafa. Mzee anakiri papo hapo kwamba si babake. Kesi imeisha, chai imwagwe.

Mbogi ya kwanza: hii ni dawa ya roho

Hawa wanasema wamechoka na Afrika ya vita, njaa na mapinduzi. Hapa wanapata mji ambapo watu wanasalimiana vizuri, "Mma" kwa mama na "Rra" kwa mzee, na mwanamke anaendesha biashara yake bila kuomba mwanaume ruhusa. Pia wanapenda kwamba Mma Ramotswe ni mnene na hajifichi. Haangaiki na mizani.

Mbogi hii ni kubwa. Vitabu vya Mma Ramotswe sasa vimepita 20, vimeuza mamilioni, na BBC na HBO walitoa series yake, Jill Scott akiwa mhusika mkuu. Iliigiziwa Botswana kwenyewe.

Mbogi ya pili: hii ni usingizi

Hawa walikuja kutafuta crime. Walitaka moyo udunde, wabaki macho hadi saa nane usiku wakikisia muuaji. Badala yake wanapata kesi ndogo ndogo, moja inaisha nyingine inaanza, na katikati kuna chai na mawazo kuhusu ng'ombe. Kwao mpelelezi ambaye haogopi kupigwa risasi si mpelelezi.

Ukweli usemwe, hapa ni suala la lebo. Ukienda kwa Mma Ramotswe ukitaka msako wa karao na magaidi, utaboeka. Ukienda ukitaka kujua watu hudanganyana vipi, utakaa. Kuna mteja anamtuma athibitishe kama mzee wake ana mpango wa kando. Mma Ramotswe anamtega, anarudi na picha, halafu mteja anamwakia yeye badala ya bwanake! Kama umewahi kumwambia beshte ukweli kuhusu boyfriend wake, unajua hiyo movie.

Mbogi ya tatu: hii Afrika ni ya nani?

Hapa ndio moto uko. McCall Smith ni mzungu wa Scotland aliyekuwa profesa wa sheria, aliyezaliwa Bulawayo mwaka wa 1948. Aliishi Botswana akisaidia kuanzisha masomo ya sheria kwa chuo kikuu chao, so si mtu wa kuandika akiwa kwa ndege. Lakini wakosoaji wanasema Botswana yake ni safi kupita kiasi. Miaka hiyo ya mwisho wa tisini, nchi hiyo ilikuwa kati ya zilizoumizwa zaidi na Ukimwi duniani. Kwenye kitabu, huo ugonjwa unapita kwa mbali kama gari la barabara ya juu.

Wanaomtetea wanauliza: kwani Mwafrika lazima alie kwa kila ukurasa ndio aaminike?

Kitu wengi huruka

Kuna kitu mbogi zote husahau: hiki kitabu si sukari tupu. Bwana wa kwanza wa Precious, mpiga tarumbeta, alikuwa anampiga. Mtoto wake alikufa akiwa mchanga. Na kesi kubwa ni ya kijana aliyepotea, watu wakihofia ameuawa kwa ajili ya uchawi.

Hiyo hofu haikutoka hewani. Mwaka wa 1994, huko huko Mochudi, msichana wa shule wa miaka 14 aliuawa, na watu wakaamini ni mauaji ya kutafuta dawa ya nguvu na pesa. Wanafunzi waliandamana, fujo zikafika hadi Gaborone, kwa sababu waliona wakubwa wanalindwa.

Sasa sikia (kama hutaki kuharibiwa stori, ruka hii aya). Kwa McCall Smith, kijana anapatikana akiwa hai. Lakini 2002 Unity Dow, mwanamke wa kwanza kuwa jaji wa Mahakama Kuu ya Botswana, alitoa The Screaming of the Innocent. Msichana anapotea, polisi wanasema ameliwa na wanyama, na miaka mitano baadaye nguo zake zinapatikana kwa kliniki. Hapo hakuna chai ya kukutuliza.

Kwa hivyo swali halisi si kama Mma Ramotswe anaboesha. Swali ni kama uko sawa na kitabu kinachogusa kidonda cha ukweli halafu kikakipa mwisho mtamu. Kuna msomaji atasema huo ni uongo. Mwingine atasema ni maombi: angalau kwa kitabu, mtoto mmoja arudi nyumbani.

Ushauri wetu? Soma zote mbili, uanze na Mma Ramotswe. Ukimaliza ya jaji, rudi kwa ile ya kwanza uone kama chai bado ina ladha ileile.