Damu katika haja kubwa: si kila mara ni bawasiri

Mwadui na Shinyanga kwa ujumla, mtu akiona damu katika haja kubwa husema ni bawasiri, amiba au kichocho. Mara nyingi ndivyo ilivyo. Lakini saratani ya utumbo mpana nayo hujitokeza hivyo hivyo, na wengi hufikishwa Bugando, Mwanza, ugonjwa ukiwa umekwishaenea.

Chanzo ni nini? Kwa baadhi ni urithi. Ambaye mzazi au ndugu yake wa damu aliugua, hatari yake ni takriban mara mbili. Zipo pia familia chache zenye kasoro ya chembe za urithi iitwayo Lynch, ambazo watu wake huugua hata kabla ya miaka 50. Huo si uchawi wala mkosi wa ukoo.

Walio wengi hawana urithi huo. Daktari Denis Burkitt, mpasuaji aliyefanya kazi Uganda, aliandika mwaka 1971 kuwa ugonjwa huu ni nadra kwa Waafrika wa vijijini kwa sababu chakula chao kina makapi mengi. Ndiyo hiyo dona, mtama, maharage na michembe tunayoikimbia! Soseji tunazozifuata, Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2015 kuwa zinasababisha saratani hii. Tumbaku, pombe na unene navyo vimo.

Anayestanji kwa maji, tena choo chenyewe kiza, damu huweza kupita asiione. Basi atazame. Akiiona, asione haya kumweleza daktari, na amtajie nani katika ukoo aliwahi kuugua.