Sanamaki haijui mafuta

Wateja huniletea kwenye dirisha la dawa pakiti za chai ya kupunguza tumbo wakitaka niwasomee. Nje kuna picha ya majani na kiuno chembamba. Mimi huenda moja kwa moja kwenye maandishi madogo nikitafuta neno "senna". Hiyo ni sanamaki, ileile ambayo wazee wetu wa pwani waliinywa choo kikigoma.

Waliinywa mara moja, tumbo likafunguka, basi. Leo inanywewa kila usiku kwa miezi ili kuondoa nyama uzembe, na kazi hiyo haiiwezi. Chakula hufyonzwa kwenye utumbo mwembamba. Sanamaki hupita huko kimya. Huanza kazi ikifika utumbo mpana, ambako bakteria huivunja na kuifanya iuchokoze utumbo usukume choo na maji. Ndiyo maana ukinywa saa nne usiku, alfajiri unakimbilia msalani. Kwa wakati huo wali wa jana umeshaingia mwilini. Kinachotoka ni choo, maji na chumvi, ikiwemo potasiamu ambayo moyo huitegemea ili upige sawasawa. Watafiti wa Marekani walilipima jambo hili mwaka 1983: hata wanawake walioharisha lita kadhaa kwa dawa za kuendesha, nishati waliyoifyonza kutoka kwenye chakula ilipungua kwa takriban asilimia 12 tu.

Lakini asubuhi dada aliyeinywa anaona mizani imeshuka na sketi inafunga. Furaha ile ni ya kweli, siidharau. Akinywa maji, kilo inarudi, na hapo ndipo ninapoumia: dada yangu huyu haoni kwamba chai ndiyo iliyoshindwa. Anaulaumu mwili wake, anajiona mlafi, kisha anatafuta kitu kikali zaidi.

Hivyo vikali ndivyo vinavyonitisha. Sibutramini, dawa ya kukata hamu ya kula, iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 baada ya kuonekana kwamba inaongeza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi kwa wenye maradhi ya moyo. Wakaguzi wa dawa wa nchi mbalimbali wameendelea kuikuta imefichwa ndani ya vidonge na kahawa zinazouzwa kama mitishamba mitupu. Kwa hiyo "mitishamba" ikikukata njaa ghafla, ikakukausha mdomo, ikakunyima usingizi na kuupeleka moyo mbio, iache siku hiyohiyo na umwone daktari.

Na hata mmea halisi unaweza kuua. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake waliokuwa wakipunguza uzito kwenye kliniki moja ya Brussels, Ubelgiji, walianza kufika hospitalini figo zao zikiwa zimeharibika. Kwenye vidonge vyao, nafasi ya mmea mmoja wa Kichina ilikuwa imechukuliwa na mwingine wenye jina linalokaribiana na lake, na huo wa pili ulikuwa na asidi ya aristolokia, sumu ya figo. Walioathirika walizidi 100. Wengi waliishia kusafishwa damu kwa mashine au kupandikizwa figo, na baadhi walipata saratani ya njia ya mkojo miaka kadhaa baadaye.

Wengi wanaonijia ni wazazi wenye watoto wachanga, wanaoona aibu kwa tumbo lililobaki mbele. Mama, tumbo hilo si lazima liwe mafuta. Ujauzito huitenganisha misuli miwili ya mbele ya tumbo, na hakuna chai inayoikutanisha. Lala chali, kunja magoti, inua kichwa kidogo, kisha bonyeza juu ya kitovu. Vidole zaidi ya viwili vikizama katikati, muulize mkunga akuelekeze kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Yapo mazoezi yanayosaidia. Ile pakiti niletee tuisome pamoja kabla hujachemsha maji.